Dawa Upande wa Pili wa Ukuta

Kufuli lilifungwa siku ya hitima, baada ya watu kula pilau na kuaga. Nilikuwa chumbani, nimekaa juu ya mkeka na nguo yangu nyeupe, nikasikia komeo la duka likivutwa na kufuli likibana. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, akaja mpaka nyuma ya pazia, akakohoa kwanza, maana mjane aliye kwenye eda haingiliwi hovyo. Akasema, "Shemeji, duka nimelifunga. Ni mali ya mirathi sasa. Kisiguswe kitu mpaka warithi wote wafike, tugawane kwa haki." Nikamjibu, "Hewala." Ningesema nini? Alikuwa mtu wa haki kwelikweli, na haki yake hiyo ndiyo iliyokaribia kunizika.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Nguvumali. Lilikuwa duka la dawa muhimu, wala si famasi kubwa, msije mkadhani nilikuwa tajiri. Panadol, dawa za minyoo, bandeji, chumvichumvi za watoto wanaoharisha, na dawa mseto ya malaria, ambayo ndiyo iliyotupa jina. Mimi na mume wangu tulisomea pamoja mafunzo ya kuuza dawa hizo. Tulikaa dawati moja, watu wazima wenye mvi, yeye akichungulia majibu yangu. Tulipofungua duka mtaa mzima ukamwita daktari. Hakuwa daktari, na kila siku aliwaambia hivyo, nao kila siku wakamjibu, "Sawa, daktari."

Alikuwa mbishi, Mungu amrehemu. Mseto tuliyouza ni ile yenye alama ya jani la kijani kwenye boksi, iliyopunguzwa bei ili mtu wa kawaida aimudu. Masika yakiingia, mbu wakijaa na homa zikapamba moto, maduka mengine yalikuwa yakipandisha. Yeye ng'o. Wenzake walimwambia anaharibu soko, yeye akawaambia wakauze mchele. Hakumuuzia mtu nusu dozi hata akilia machozi. Na tangu tulipoanza kutumia vile vipimo vya tone la damu kidoleni, hakumuuzia mtu mseto kabla hajampima. Mtu akija anasema, "Nipe mseto, nina malaria," anajibiwa, "Wewe una homa tu. Malaria tutaiuliza damu." Alikuwa na huruma, lakini huruma yake ilikuwa na makelele. Kuna siku nilikimbilia jikoni nisisikie akigombana na mama wa watu juu ya kumaliza vidonge.

Mara nyingine alipakia maboksi kwenye pikipiki akaenda vijiji vya njia ya Mkwaja, ambako mtu akitaka mseto ya bei nafuu huna budi kumpelekea. Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, na mananasi mawili matatu nyuma ya kiti. Halafu akafa kwa presha, ugonjwa ambao hakuwahi kujipima. Alianguka akifunga dirisha la duka. Hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo warithi wakawa mimi, kaka yake huyo, na dada zake wawili, mmoja yuko Wete na mwingine Mombasa. Ndio hao waliokuwa wakisubiriwa.

Aliyenikalisha eda ni shangazi wa mume wangu, dada wa baba yake, bibi wa Kipemba aliyevuka maji na kibegi kimoja na msahafu. Ni mwembamba, mrefu, na akikutazama unajikuta unavuta kanga ujifunike vizuri. Alinifundisha yote: nisitie mafuta mazuri, nisivae cha kupendeza, nisitoke nje ya kizingiti bila dharura, nisizungumze na mwanamume asiye maharimu yangu ila kwa haja. Nilimheshimu. Nilimwogopa pia kidogo. Mchana alivuta tasbihi, na mimi nikatazama ukuta.

Wiki za kwanza nyumba ilijaa. Wanawake walikuja na vifuko vyao vya sukari na unga, wakakaa, wakasoma, wakanisimulia vifo vya waume zao kana kwamba vitanisaidia. Kisha wakaanza kuja kwa zamu, kisha Ijumaa tu, kisha mmoja akawa ananisalimia kupitia dirishani akienda sokoni. Siwalaumu. Kila mtu ana sufuria yake jikoni. Lakini nilikuwa mpweke, na upweke wa eda una adabu zake, maana hata kusogea mlangoni kutazama nani anapita huruhusiwi.

Nilichokuwa nacho ni ukuta. Ukuta kati ya chumba changu na duka haukufika juu. Fundi aliuacha kimo cha mtu na nusu, akaweka wavu, hewa ipite. Kwa hiyo nilisikia kila aliyekuja kugonga dirisha la duka. Mtaa ulijua kwamba daktari amekufa, walimzika wenyewe, lakini mkono una mazoea yake. Alfajiri mtu anagonga, anaita, "Daktari!" halafu kimya, halafu, "Lo, Innalillahi," na kandambili zinaondoka. Nilizijua sauti zao. Nilijua nani ana mtoto mdogo na nani mke wake ni mjamzito. Nilijua pia kwamba akitoka hapo atakwenda kwenye duka lenye bei asiyoiweza, atanunua panadol, atamwambia mgonjwa ajikaze. Na dawa zilikuwa pale pale, kama si wavu ningerusha jiwe lingeangukia boksi.

Masika yakaingia na mvua za kweli. Mtaro wa mbele ukafurika, uani pakawa dimbwi, na mbu wakaja kwa kishindo. Nilikuwa na chandarua, lakini mjane hakai ndani ya chandarua saa za magharibi. Anakaa mkekani na wageni, kama wapo, na kama hawapo anakaa hapo hapo akiwangojea.

Homa ilinianza adhuhuri moja. Kwanza baridi ya ghafla, ya ndani ya mifupa, na huku nje watu wanajipepea. Kisha kichwa, kisha viungo, kisha mdomo mchungu hata maji nikayasikia kama shubiri. Jioni nikatoka jasho, nikapata nafuu, nikadhani yamekwisha. Kesho yake ikarudi. Shangazi akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo muda mrefu.

"Nadhani ni malaria, shangazi," nikamwambia.

"Hino si malaria, mwanangu," akasema kwa upole ambao sikuutegemea. "Hino ni majonzi yatafuta pa kutokea. Mie nilipofiwa na mume wangu nilitetema hivi hivi. Hukulia wee. Tangu nije sijakuona ukilia. Basi mwili wakulilia."

Ilikuwa kweli kwamba sikuwa nimelia. Nililia kidogo siku ya kwanza, kwa sababu watu walikuwa wakitazama, halafu machozi yakakatika kama bomba la maji ya mtaani kwetu. Sikujua kwa nini. Wanawake walilisema hilo chini chini. Sasa mjane ameanza kutetemeka na kukataa chakula, basi wale wale wakarudi kunitazama, na nikawasikia uani: "Mwacheni. Si mnamwona alivyompenda mumewe?" Walinisifu. Niambie, mtu anayesifiwa hivyo atainuka vipi mkekani aseme, jamani, huu ni mdudu tu kaniuma? Ingekuwa kama kusema simlilii. Nilijua dalili zile kuliko mtu yeyote mle ndani, nimewaeleza wateja miaka na miaka, na bado nikafunga mdomo kwa aibu. Hata mimi mwenyewe kuna saa nilitaka iwe majonzi. Nilitaka nionekane nina majonzi.

Shangazi akaniandikia kombe. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji ya waridi, akaninywesha huku akinisomea. Nikanywa yote. Maneno ya Mwenyezi Mungu hayakataliwi. Mchana uliofuata nikatapika hata maji matupu. Mkojo wangu ukawa wa rangi ya chai ya rangi. Hapo aibu ikaniruka, nikaogopa kufa. Nilijua malaria inavyomwendea mtu mzima akiichelewesha: leo ana homa, kesho anaongea maneno yasiyoeleweka, kesho kutwa anabebwa. Kituo cha afya nisingefika kwa miguu yangu na maji yale barabarani. Nikampigia shemeji simu.

Akaja akasimama nyuma ya pazia. Nikamwomba kwa sauti iliyobaki, "Shemeji, fungua duka unitolee kipimo kimoja na dozi moja ya mseto. Nina malaria."

Nilisikia akivuta pumzi. Kisha akasema kwa huzuni ya kweli, "Shemeji, siwezi. Kuna haki za watu mle. Nikikugusia wewe leo, kesho mbele ya Mungu nitajibu nini? Lakini nitakwenda kukununulia kwa mfuko wangu. Usiwe na wasiwasi, nakwenda sasa hivi na mvua yake hii."

Akaenda kweli, akarudi ameloa chapachapa, akanipitishia mfuko chini ya pazia. Nikaufungua. Dawa ya kuongeza damu, na chupa ya dawa ya kuleta hamu ya kula. "Nimemweleza muuzaji vizuri kabisa," akasema shemeji. "Nimemwambia ni mjane, yuko eda, ana homa ya majonzi, hali wala hanywi. Akasema hizi ndizo zinazofaa." Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitaka kumtukana, nikamwambia ahsante. Mume wangu angekuwepo angemkimbiza barabarani mpaka Usagara. Nilipolala niligeukia ukutani na nikausikia ubaridi wa saruji usoni, na upande wa pili nikajua boksi zimepangwa zinanitazama.

Asubuhi yake dirisha la duka likagongwa. "Hodi, daktari!" Nikaitambua sauti. Ni mama mmoja jirani, muuza bajia wa pembeni ya msikiti, mwanamke mwenye mdomo na moyo mkubwa. "Astaghfirullah, nimesahau," akasema. Lakini hakuondoka. Nikasikia akikaa kwenye ngazi ya duka, na mtoto analia kile kilio cha kukosa nguvu. Akaanza kusema peke yake, au labda alikuwa akisema na marehemu: "Sasa mimi nakwenda wapi na huyu, eh? Nakwenda wapi?"

Nikajivuta mpaka ukutani. "Mama," nikaita juu ya wavu. "Anaumwa tangu lini?"

Akashtuka mpaka nikasikia kikapu kinaanguka. "Dada! Umenitoa roho. Tangu juzi. Anatetemeka, anatapika, halafu anatoka jasho."

"Anaweza kunywa? Amepata degedege?"

"Anakunywa kidogo. Degedege hapana."

"Basi usikae hapo. Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, hata kama maji yamekata njia mbebe mabegani. Watampima, watampa dawa, watoto wadogo hawatozwi. Usimpe panadol ukarudi nyumbani kungoja. Umenisikia?"

"Nimekusikia." Kisha akasema, "Dada, mbona meno yako yanagongana?"

"Wanasema ni majonzi."

"Haya," akasema, lakini kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali, na nikasikia miguu yake ikikimbia ndani ya maji.

Alirudi kesho yake saa za mchana, safari hii kwa mlango wa uani, kwa kuwa mwanamke si kwamba anaruhusiwa tu kuingia kwa mjane, bali anatakiwa. Shangazi alikuwa amekaa pembeni yangu ananikanda miguu kwa kitambaa cha maji. Yule mama akamwamkia, "Shikamoo, bibi," akapiga magoti karibu na kichwa changu, akafungua pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi, na ndani ya karatasi vidonge vidogo vya manjano.

"Mtoto wamempima, ni malaria," akaninong'oneza. "Wamempa mseto, tangu jana jioni anacheza, anaomba chakula. Hivi nimekubakizia wewe, dada. Meza."

Kwetu dawa huazimwa kama chumvi. Mtu akipona katikati ya dozi, vilivyobaki vinafungwa kwenye karatasi, vinawekwa juu ya kabati, na jirani akiumwa anagawiwa. Hawafanyi kwa ujinga. Wanafanya kwa kupendana, na ndiyo maana mume wangu alikuwa akipandwa na hasira mpaka mishipa inamtoka shingoni, kwa sababu huwezi kumgombeza mtu kwa upendo ukashinda. Anayegawa haponi sawasawa, na anayegawiwa haponi kabisa.

Nitasema kweli: nilivitazama vile vidonge kwa uchu. Mate yalinijaa. Nilijua ni vya mtoto, ni vichache, havinitoshi mtu mzima, na bado mkono wangu ulitoka chini ya shuka ukaenda. Nikaurudisha.

"Hivi ni vyake," nikamwambia. "Mrudishie. Amalize vyote kama walivyokuelekeza, hata ukimwona anaruka kamba. Homa ikimrudia itamrudia na nguvu."

"Na wewe?"

"Zangu ziko hapo," nikasema, na nikaonyesha ukuta kwa kidevu, maana mkono ulishachoka.

Yule mama akaukazia macho ukuta, kisha akamgeukia shangazi. Nilidhani atamvunjia heshima, lakini alisema taratibu, kama anayeuliza bei. "Bibi, samahani. Mwanangu mimi alitetemeka hivi hivi. Akatapika hivi hivi. Jasho lilimtoka hivi hivi. Na yeye ana miaka mitatu, hakufiwa na mtu."

Shangazi akaacha kunikanda. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake, kinachuruzika juu ya mkeka, naye hakioni. Nilimwona akilifikiria lile neno, akilizungusha. Kisha akasimama, akachukua simu yake kutoka kwenye kibegi, akampigia mpwa wake. Alisema maneno machache tu: "Njoo. Njoo na ufunguo."

Shemeji akaja, akasimama uani. Shangazi akamtokea na mtandio wake kichwani. Nilisikia kila neno.

"Fungua duka."

"Shangazi, unajua ile ni mali ya—"

"Ya mirathi, naijua. Mirathi huanza na nini kabla ya kugawanywa?"

"Gharama za maziko ya maiti."

"Haya. Wataka utoe gharama za maiti mmoja, au wangojea wawe wawili?"

Shangazi akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wewe warithi. Mkeo yule ndani arithi. Dada zako warithi. Mie shangazi mtu, sirithi humu hata kijiko. Mkono wangu hauna tamaa ndani ya duka lile. Basi fungua, mie niingie, mie nitoe, na mbele ya Mungu mie nijibu. Thamani ya dawa utaikata kwenye fungu la mjane."

Alikosea kuniita mke wa shemeji, kwa hasira, na hakuna aliyemsahihisha. Kufuli likafunguka. Nikasikia kandambili zake zikiingia mahali ambapo hazijawahi kuingia, na mara harufu ya duka ikanijia juu ya wavu, harufu ya maboksi, spiriti, na ile sabuni aliyokuwa akinawia mikono mume wangu. Nikafumba macho.

Shangazi husoma msahafu bila kukosea hata irabu, lakini maandishi ya boksi hayajui. Ikabidi nimwelekeze kwa mdomo, mimi nimelala huku, yeye yuko kule.

"Rafu ya katikati, shangazi. Boksi lina jani la kijani."

"Hili la watu wawili wamekumbatiana?"

"Hilo lirudishe, shangazi."

"La nini?"

"Lirudishe tu."

Yule mama wa bajia alijifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika. Hata mimi nilicheka, kicheko kibovu kilichonirudishia kichwa kuuma. Shemeji mlangoni alikuwa akisoma dua kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Hatimaye shangazi akaja na mseto na kipimo, amevishika kwa mikono miwili.

Nilijidunga mwenyewe kidoleni. Nikaweka tone la damu, nikaweka maji yake, tukangoja wote watatu tumeinama. Mstari wa kwanza ukatokea, kama kawaida, kuonyesha kipimo ni kizima. Kisha wa pili, mwembamba, halafu mnene.

"Chasemaje?" shangazi akauliza.

"Malaria."

Hakuniomba radhi. Watu wa umri wake hawaombi radhi kwa maneno. Nilipomwambia dawa hii inataka chakula chenye mafuta ili mwili uichukue, alikwenda jikoni, nikasikia mbuzi ya kukunia nazi ikikwaruza mpaka nikadhani atakuna na vidole. Wali wa nazi ule alinilisha tonge kwa tonge. Na kila wakati wa kumeza ulipofika, alikuwa amekaa mbele yangu na kidonge mkononi kabla sijakumbuka, na hakuondoka mpaka nifungue kinywa aone hakimo.

Homa ikatoka. Ni dawa nzuri ile, inatia aibu ilivyo rahisi. Kitu kilichokuwa kikinivuta kaburini kiliondolewa na vidonge ambavyo hata muuza bajia anaweza kuvinunua, mradi viwepo, mradi bei isiguswe, na mradi mtu asimame mlangoni na ufunguo. Siku nilipomaliza cha mwisho, shemeji aliwapigia simu dada zake wa Wete na Mombasa, akawaeleza yote bila kujificha. Walilia, wakasema lifunguliwe, dawa ziuzwe kwa bei ile ile ya marehemu, na kinachopatikana kiwekwe mpaka mgawanyo. Akaletwa binti mmoja mwenye mafunzo na cheti chake akauze mpaka eda yangu iishe.

Basi siku ya pili ya binti huyo, baada ya alasiri, nilikuwa nimekaa mkekani nimeoga, nimekula, mwili mwepesi. Upande wa pili wa ukuta nikasikia mtu anataka nusu dozi, na binti anamkatalia, kwa adabu, bila makelele, tena yule mtu anakubali. Nikafurahi. Nikageuka upande wangu wa kulia, mahali alipokuwa akikaa kuvua viatu, nimwambie mume wangu kwamba huyu binti anajua kazi kuliko yeye.

Pale palikuwa na mkeka tu. Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikatetemeka, meno yakagongana, nikashindwa kuvuta pumzi. Nilimlilia kwa siku zote nilizokuwa nimekaa kama gogo.

Shangazi akaja mbio kutoka uani, mikono ina unga. Akanishika paji la uso. "Imerudi!" akasema. Akatoka, akagonga dirisha la duka kama walivyokuwa wakigonga wote, akarudi na kipimo, na kabla sijasema kitu alikuwa amenidunga kidole, yeye mwenyewe, alishajifunza kwa kutazama. Akatia damu, akatia maji, akakiinamia. Mistari miwili.

"Si nilisema? Imerudi. Nakwenda kukutwalia dozi nyingine."

Nikamshika kanga. Nikamweleza, huku nikivuta kamasi, kwamba kipimo hiki huchelewa kusahau. Mdudu anaweza kuwa amekufa na damu ikawa bado ina mabaki yake, basi kipimo kikaendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa. Nimepona. Sina homa, aniguse tena. Akanigusa tena, shavuni, shingoni, kwapani kama mtoto. Nilikuwa baridi kama watu wote.

"Basi hino ni nini?" akauliza. Safari hii aliuliza kwa kutaka kujua, na alinitazama kama anavyotazamwa mtu mwenye cheti.

"Ni majonzi, shangazi."

Akakaa chini polepole, akaweka kile kipimo juu ya mkeka kati yetu. Akaukazia macho ukuta, akafikiri.

"Na dawa yake imo humo?"

"Haimo," nikamwambia.